Mzee Asiye na Homa

Mtu akikaa asubuhi moja katika baraza la zahanati yoyote ya pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Mbagala, Chamazi, Tandika, Bunju au Boko, hatakosa kuyasikia maneno matatu yakisemwa juu ya mgonjwa mwenye mvi: "Ni uzee tu." Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Mzee ameletwa na mjukuu wake kwa bajaji. Hali chakula tangu juzi, mchana kutwa amelala, jana alianguka akienda msalani, na usiku amekuwa akimwita mtu aliyekwisha kufariki dunia miaka mingi. Kipimajoto kinawekwa kwapani, kinasoma nyuzi 36.9. Hana homa. Anaandikiwa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Siku tatu baadaye analetwa tena akiwa hawezi kuvuta pumzi, na ndipo inapogundulika kwamba mapafu yalikuwa yameshikwa tangu mwanzo.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wauguzi, ambao twajua wana foleni ya kina mama na watoto inayofika hadi nje ya uzio. Kipimajoto nacho hakikusema uongo. Kosa liko katika imani iliyotuenea sote, waganga na raia, kwamba maradhi ya kuambukiza hayana budi kuja na joto, na kwamba pasipo joto hapana maradhi. Kwa mtoto na kwa kijana imani hiyo yaweza kumsaidia mtu. Kwa mzee wa miaka 70 au 80 yaweza kuua. Sababu yake imo katika jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 40 sasa, ingawa habari zake hazijafika sana katika mitaa yetu: jinsi uzee unavyobadili mazungumzo kati ya mishipa ya fahamu na chembechembe za kinga ya mwili.

Homa hailetwi na kijidudu. Homa hutengenezwa na mwili wenyewe. Chembechembe nyeupe za damu zinapokutana na kijidudu hutoa kemikali. Kemikali hizo huufikia ubongo kwa njia ya damu, na nyingine huugusa mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, ambao huanzia chini ya ubongo ukateremka shingoni hadi kifuani na tumboni, nao huipeleka habari juu. Ubongo ukishaipata hutoa amri: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ijikaze, misuli itetemeke, joto lipande. Ndiyo maana mgonjwa hujifunika blanketi katika jua la Februari.

Kwa mzee, kila pingili ya mnyororo huo imechakaa kidogo. Chembechembe hutoa kemikali pungufu, au kwa kuchelewa; ubongo hauitiki upesi; misuli ya kutetemeka imepungua na ngozi imekuwa nyembamba. Matokeo yake ni kwamba kati ya wazee 100 wenye maambukizo makali, 20 hadi 30 huwa hawana homa kabisa, au wana homa ndogo isiyomtia mtu wasiwasi. Isitoshe, joto la kawaida la mzee mara nyingi ni la chini kuliko la kijana. Nyuzi 37.3 kwa kijana si neno, lakini kwa mzee ambaye siku zote huishi na nyuzi 36 ni mbiu ya mgambo.

Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani walilitambua hilo katika mwongozo wao wa mwaka 2008 juu ya watu wanaotunzwa katika nyumba za wazee. Walisema mzee ahesabiwe kuwa na homa akipimwa mdomoni mara moja tu na joto likazidi nyuzi 37.8, au akipimwa mara kadhaa na kila mara likazidi 37.2, au joto lake likipanda kwa nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kila siku. Sharti hili la tatu ndilo lenye maana kubwa kwetu, na wala halidai mashine. Ladai kwamba joto la mzee akiwa mzima liwe limeandikwa mahali. Wagonjwa wengi wa zahanati zetu hubeba daftari la matibabu. Twaona ni jambo jepesi kabisa kwamba katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kila mtu aliyetimiza miaka 60 paandikwe joto lake la siku za uzima, likiwa limepimwa mara tatu au nne katika siku mbalimbali, ili siku atakapoletwa akiwa hajiwezi pawe na kitu cha kulinganisha.

Nyumbani nako kuna la kujifunza. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo akaweweseka, hakuzeeka kwa usiku mmoja. Mzee anayeanguka ghafla, anayesusa chakula, au anayekojoa kitandani hali hakuwa na tabia hiyo, huenda anaumwa kifua, mkojo au damu. Katika mitaa yetu mara nyingi husemwa kwamba malaria imepanda kichwani, kisha mtu akatumwa dukani kununua dawa. Malaria ipo, na mzee apimwe. Lakini kipimo kikionyesha hanayo, safari isiishie hapo.

Yote hayo ni upande mmoja tu wa mazungumzo tuliyoyataja, ule wa chembechembe kuuarifu ubongo. Upande wa pili ni wa mishipa ya fahamu kuziamuru chembechembe, na huko ndiko tunakotaka kukaa zaidi, kwa kuwa kunagusa namna tunavyoishi na wazee wetu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kinga ya mwili hujiendea yenyewe, kama jeshi lisilo na makao makuu. Mnamo miaka ya 1980 mtaalamu wa Kimarekani David Felten na wenzake, wakichungulia kwa darubini vipande vya bandama, waliona nyuzi za mishipa ya fahamu zimeingia ndani kabisa na kugusana na chembechembe za kinga. Bandama ni kambi. Humo, na katika tezi za shingoni, kwapani na kinenani, chembechembe hukaa, hufunzwa na kungoja amri. Kumbe kambi hiyo ilikuwa na nyaya za simu kutoka ubongoni, na kemikali iitwayo noradrenalini ndiyo iliyokuwa ikipeleka ujumbe kwenye ncha za nyaya hizo. Kisha Felten, pamoja na Denise Bellinger, walitazama bandama za panya waliozeeka. Nyuzi zilikuwa zimepungua sana.

Jambo la kushangaza ni kwamba nyuzi zikipungua, kelele haipungui. Damu ya watu wenye umri mkubwa kwa kawaida huonekana kuwa na noradrenalini nyingi kuliko ya vijana. Yaani ndani ya kambi nyaya zimekatika, na nje mbiu inapigwa kwa nguvu. Chembechembe zilizozoea kunong'onezwa sasa zinapigiwa makelele, na nyingine zimekuwa na masikio mazito. Wakati huo huo ule mshipa wa vagasi, ambao majaribio ya Kevin Tracey na wenzake yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba una kazi ya kutia breki uvimbe na joto la ndani, nao hulegea kadiri miaka inavyozidi. Mwaka huo huo wa 2000 Mtaliani Claudio Franceschi na wenzake waliieleza hali inayotokea katika mwili wa mzee kuwa ni uwako mdogo usiokwisha. Sisi tulio na mashamba ya mpunga Rufiji na Kilombero twaujua moto wa namna hiyo: ni moto wa pumba. Hauna ndimi wala hauonekani kwa mbali, lakini hukesha ukiwaka, na atiaye mkono huungua. Mzee ana moto wa pumba mwilini siku zote, na adui wa kweli anapoingia, moto wa kumchoma haupatikani.

Juu ya hayo pana homoni iitwayo kotisoli, ambayo ubongo huiagiza kutoka katika tezi zilizo juu ya figo wakati wa hofu, huzuni na mashaka. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu huzilegeza chembechembe za kinga. Tezi hizo hizo hutoa homoni nyingine inayompunguzia mtu makali ya kotisoli, lakini hiyo ya pili hupungua kwa miaka, hata mtu wa miaka 75 akabaki na sehemu ndogo tu ya aliyokuwa nayo akiwa na miaka 25. Kotisoli yenyewe haipungui hivyo. Kwa hiyo msiba mmoja ukiangukia nyumba moja, ukawapata mama wa miaka 70 na binti yake wa miaka 30, wanalia pamoja lakini hawaumii sawa. Kuna sehemu ya maumivu ya mama ambayo iko katika damu.

Mwaka 1977 R. W. Bartrop na wenzake wa Australia walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 26 waliofiwa na waume au wake zao. Walichukua damu mara mbili, mara ya pili ikiwa ni wiki sita baada ya ile ya kwanza, na katika damu ya mara ya pili ndipo walipoona wazi kwamba chembechembe zimepoteza nguvu ya kuzaana zinapochokozwa. Hao hawakuwa wazee watupu. Ikiwa mambo huwa hivyo kwa watu wa makamo, kwa ajuza wa Yombo Vituka twatazamia nini?

Twaomba msomaji azitafakari wiki hizo. Misiba yetu ina utaratibu mzuri ambao wageni wengi wameusifu. Turubai hufungwa barabarani, mikeka hutandikwa, majirani hupika, vijana hubeba maji, kina mama hulala sebuleni na mfiwa. Siku ya tatu au ya saba watu hutawanyika. Mjane Mwislamu huingia eda ya miezi minne na siku kumi, na mara nyingi ndugu wa kike hukaa naye, angalau mwanzoni. Arobaini husomwa, hitima ikaliwa, na baada ya hapo mji huendelea na shughuli zake. Sasa wiki ya sita na ya nane zinakuta nini? Zinakuta turubai limekwisha kurudishwa kwa mwenyewe na dada wa Tanga amekwisha panda basi. Damu inalegea wakati ule hasa ambapo watu wamekwisha ondoka. Wazee waliotuwekea arobaini hawakuwa na darubini, lakini siku walizozihesabu zaukaribia wakati huo kuliko siku tatu ambazo mwendo wa mji umetulazimisha kutosheka nazo.

Si kifo tu kinachofanya hivyo. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio walitangaza mwaka 1995 matokeo ya jaribio dogo lenye kueleweka na kila mtu. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao wasiouguza mtu, wakawatia kila mmoja kidonda kidogo mkononi cha ukubwa mmoja. Wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39.3. Wauguzaji walipona kwa siku 48.7. Siku tisa zaidi kwa kidonda ambacho ni kidogo kuliko punje ya mtama! Nasi tunao mabibi wasiohesabika, Tandale na Buza, Keko na Mbagala Kuu, ambao baada ya kuwauguza watoto wao hadi makaburini katika miaka mibaya ya UKIMWI, walianza upya kulea wajukuu kwa kuuza vitumbua na mkaa wa kupima. Kidonda cha mguu cha bibi wa namna hiyo kinapokataa kufunga, mganga humpima sukari, na hufanya vyema. Amwulize pia analala saa ngapi, na nani aliye nyumbani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wetu, hasa wale wenye watoto wazuri. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna kizazi kizima kilichokuja kijana: waliokuja kufanya kazi bandarini, waliokuja kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968, waliokuja na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Walipanga vyumba Magomeni, Kigogo, Keko na Temeke, wakajenga nyumba zenye ukumbi katikati na baraza mbele, wakajuana. Leo hao ndio wazee wetu. Na mji umepanuka mno, hata Kinondoni na Temeke zenyewe zimemegwa, zikazaliwa Ubungo na Kigamboni.

Linalotokea mara kwa mara ni hili. Baba hufariki, nyumba ya Magomeni huuzwa kwa mtu atakayejenga ghorofa, warithi hugawana, na mama hujengewa nyumba nzuri Chamazi, Mbweni au Mabwepande. Ina vigae, ina tangi la maji, ina ukuta mrefu na geti la chuma. Watoto hutoka alfajiri na kurudi usiku, maana foleni ya magari yatambulika. Mama hubaki na msichana wa kazi na televisheni. Hana tena jirani wa kumwomba chumvi, hana muuza kahawa apitaye akigonga vikombe, hana mtu anayejua aliitwa nani alipokuwa mwari. Watoto husema, na husema kweli, kwamba wamempumzisha. Lakini mwaka 2007 Steve Cole, John Cacioppo na wenzao wa Marekani walitangaza kwamba walipozichungua chembechembe nyeupe za watu waliojiona wapweke kwa miaka mfululizo, waliona zile kazi za chembechembe zinazochochea uvimbe zimezidi, na zile za kupigana na virusi zimepungua. Huo ndio moto wa pumba tuliousema, ukiongezewa pumba. Walichunguza watu 14 tu, na twataja idadi hiyo ili pasiwepo mtu wa kulivuta jambo kupita kipimo chake.

Wala si familia peke yake ihamishayo wazee. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Serikali iliwahamishia Mabwepande watu wa bonde la Msimbazi, na hakuna mwenye akili atakayesema waachwe wafe maji. Wakazi wa Magomeni Kota nao waliondolewa katika nyumba zao mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakaishi kwa kupanga huku na huko muda wa karibu miaka kumi, hadi majengo mapya ya kaya 644 yalipozinduliwa Machi 2022. Mtu aliyeondoka na miaka 65 alirudi, kama alirudi, akiwa na miaka 75. Twataka kusema kwamba katika uhamisho wo wote wa namna hii hesabu hufanywa ya viwanja, ya vyumba na ya fidia, na ni haki ifanywe. Iongezwe hesabu moja: mzee fulani anaamka na kuzungumza na nani kila siku, na huyo naye anapelekwa wapi. Kuwaweka wawili hao katika mtaa mmoja hakuigharimu Serikali hata mfuko mmoja wa saruji.

Hapa twapenda kutoa tahadhari. Mengi ya mambo tuliyoyaeleza yalitoka kwa panya, au kwa makundi madogo ya watu wa nchi za baridi wanaokula vingine na kuugua vingine. Hakuna aliyethibitisha kwamba upweke peke yake humletea mtu kifua kikuu, na atakayeacha dawa za kifua kikuu kwa sababu amepata rafiki wa kucheza naye bao atakufa. Pia wapo wafanyabiashara, na Kariakoo na Mbagala Rangi Tatu hawakosekani, wanaouza vichupa na vidonge vya "kuongeza kinga" kwa bei inayomaliza fedha ya mzee ya miezi miwili. Waulizwe ni mshipa gani wa fahamu uliorudi katika bandama ya nani. Kinga si maji ya ndoo kwamba ikipungua hujazwa. Na kwa mzee, tumeona, sehemu moja ya kinga hupungua hali nyingine imezidi. Mtu anayedai kuiongeza yote ama hajui asemalo ama ajua na anaiba.

Lililo na ushahidi bora kidogo halina faida kwa mchuuzi. Mwaka 2007 Michael Irwin na wenzake wa California walitangaza uchunguzi wa wazee 112 wa miaka 59 hadi 86. Nusu yao walifundishwa kwa wiki 16 mazoezi ya Kichina ya polepole, ya kunyoosha viungo na kuvuta pumzi kwa utulivu; wengine walipewa mafunzo ya afya darasani. Waliofanya mazoezi walionekana kuwa na kinga bora dhidi ya virusi vya tetekuwanga, hata kabla ya kuchanjwa.

Virusi hivyo ndivyo viletavyo mkanda wa jeshi. Mtu aliyeugua tetekuwanga utotoni hubaki navyo maisha yote vikiwa vimejificha katika vifundo vya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, na chembechembe za kinga hulinda mlango. Walinzi wakichoka, virusi hutoka na kuufuata mshipa hadi kwenye ngozi, na mtu akatokwa na malengelenge upande mmoja wa mwili kama aliyevikwa mshipi wa moto. Katika miaka ya 1980 na 1990 mji huu ulijifunza kuogopa ugonjwa huo kwa kuwa wengi walioupata walikuwa na UKIMWI. Ni kweli kwamba mwenye mkanda wa jeshi apimwe. Lakini mzee wa miaka 75 anaweza kuupata kwa umri wake tu, na tumewasikia wazee walionyanyapaliwa na wakwe zao, na wengine walioambiwa wamerogwa na jirani, kwa sababu ya malengelenge. Awahishwe hospitali ndani ya siku tatu za kwanza, maana dawa ya virusi ikichelewa maumivu yaweza kubaki miezi mingi baada ya ngozi kupona.

Tukija kwenye wajibu wa umma, nchi hii haikuanza leo kuwafikiria wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hospitali nyingi zimefungua dirisha la wazee. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi Aprili 2016 ilipoanza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza aliajiriwa wapi. Na asiyeelewa fedha hiyo inahusu nini na chembechembe za damu akumbuke kwamba hofu ya kulala njaa ni mojawapo ya mambo yanayoiamsha ile kotisoli. Bara suala hilo limezungumzwa miaka mingi.

Dirisha, hata hivyo, humfaa mzee aliyefika dirishani. Mzee wa Chamazi asiye na homa hafiki, kwa sababu nyumbani wamekwisha amua kuwa ni uzee tu. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana wanaochaguliwa katika mitaa yao na kufunzwa kupita nyumba kwa nyumba. Mengi wanayotarajiwa kuyatazama ni ya mama na mtoto, nasi hatupingi. Twaomba waongezewe mawili: wapime na kuandika joto la wazee wa mtaa, na wapewe na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa majina ya wazee waliofiwa, ili wawatembelee katika wiki ya sita na ya nane.

Wataalamu wetu nao wana kazi. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwafuata vijijini takriban watu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, wakapata kwamba asilimia 6.4 walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili. Matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Kama lilifanyika Hai, kwenye vilima na migomba, Temeke haiwezi kuwa ngumu. Chuo cha Muhimbili kiko umbali wa nauli moja ya daladala. Twataka kujua joto la kawaida la mzee wa pwani yetu hii yenye fukuto ni nyuzi ngapi, kwa sababu zile 37.8 za Wamarekani zilipimwa katika nyumba zao, na kanuni ya zahanati ya Tandika haifai kuandikwa kwa hali ya hewa ya kwingine.

Mapendekezo ya bajeti za manispaa hupitishwa na madiwani kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai. Madiwani wa Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni watakapofika kwenye kifungu cha afya, watafute mstari wa vipimajoto vya wahudumu wa mitaa na mstari wa nauli zao. Wasipouona, waulize kabla hawajanyosha mikono.